Kuta mbili, maji mawili: ukungu wa nyuma ya kabati na rangi inayobambuka

SWALI

Ndugu mshauri, salamu.

Sisi ni wapangaji wa nyumba ya matofali ya saruji yenye vyumba viwili vya kulala. Chumbani kwetu kabati la nguo limesimama konani, mgongo wake umegusa ukuta wa nje. Mvua zilipokolea nikaanza kusikia uvundo kwenye nguo. Tulipolivuta kabati tukakuta ukuta umejaa madoadoa meusi kutoka chini hadi usawa wa kifua, na viatu vya ngozi vilivyokuwa chini kabatini vimeota ukungu wa kijani. Nikaosha ukuta kwa dawa ya klorini, tukapaka rangi, tukarudisha kabati mahali pake. Haikuchukua muda madoa yakatokeza juu ya rangi hiyohiyo mpya.

Chumba cha watoto nacho kina lake. Humo hakuna madoa meusi, ila rangi imefura na inabambuka kuanzia sakafuni hadi juu kidogo ya goti, na ukipapasa mkono unatoka na unga mweupe. Nje ya ukuta huo kuna bustani ya maua, udongo umerundikwa mpaka ukutani.

Siku za mvua naanika nguo chumbani kwetu, na usiku tunafunga madirisha. Mtoto wa pili anakohoa sana usiku. Mwenye nyumba anasema kosa ni letu kwa kuwa hatufungui madirisha. Mume wangu anasema ukuta unapitisha maji. Nimeweka bakuli za chumvi na mkaa kabatini, sioni tofauti. Sasa nataka kununua mashine ya kukausha hewa. Ninunue? Na kati ya hao wawili, mkweli ni nani?

Mama Watoto

JIBU

Mama Watoto, pole kwa usumbufu. Mashine usinunue kwanza. Mwenye nyumba anasema kweli na mumeo anasema kweli, ila kila mmoja anauzungumzia ukuta wake. Kwa ulivyoeleza, chumba chenu kinaletewa maji na hewa, cha watoto kinaletewa na udongo. Dawa ya huku haifai kule, na ndiyo maana mtu akipaka rangi kotekote anakuwa amepoteza rangi.

Kabla ya kutumia hata senti, thibitisheni. Kata vipande vitatu vya nailoni angavu, kila kimoja sentimita 50 kwa 50. Kimoja kibandike nyuma ya kabati penye madoa, cha pili chumba cha watoto chini penye rangi mbovu, na cha tatu kwenye ukuta huohuo wa watoto lakini juu, kama mita 1.5 kutoka sakafuni. Ziba kingo zote nne kwa utepe wa gundi bila kuacha upenyo. Hapa ndipo wengi wanapoharibu jaribio: utepe haushiki kwenye rangi inayotoa unga, hewa inaingia pembeni, majibu yanakuwa ya uongo. Rangi ya namna hiyo ikwangue kwanza mpaka ufikie plasta ngumu, futa kwa kitambaa kikavu, ndipo ubandike. Acha saa 24 hadi 48, na kabati lirudishwe karibu kama lilivyokuwa, kwa sababu tunataka kuona kinachotokea likiwapo.

Matone yakikaa juu ya nailoni, upande wa chumbani, maji yametoka hewani. Yakiwa chini yake, au plasta iliyofunikwa imegeuka rangi, maji yametoka ndani ya ukuta. Nyuma ya kabati huenda msione tone hata moja, na hilo lisiwapoteze. Nitaeleza sababu hivi punde. Kwa watoto, kipande cha chini kikilowa kwa ndani na cha juu kikabaki kikavu, maji yanapanda kutoka ardhini au yanaingia kutoka kwenye udongo wa bustani. Vyote viwili vikilowa, tazameni juu: paa, mfereji wa paa, ufa wa nje, au bomba lililopita ukutani. Bomba ni rahisi kulipima. Fungeni koki zote za maji, andikeni namba za mita, msitumie maji kwa saa mbili, kisha someni tena. Namba ikisogea, kuna mahali panavuja.

Sasa chumba chenu. Hewa hubeba maji bila kuonekana, na kadiri inavyopoa ndivyo uwezo wake wa kuyabeba unavyopungua. Tuseme chumba kina nyuzi 26 na unyevu wa hewa wa asilimia 70. Ukuta ukipoa hadi nyuzi 20, matone yanaanza kutokea, kila mtu anayaona. Lakini ukungu haungoji matone. Unatosheka unyevu wa pale usoni mwa ukuta ukikaa kwenye asilimia 80 na zaidi kwa muda mrefu, na kwa hewa hiyohiyo ya chumba chenu hali hiyo inafikiwa ukuta ukiwa baridi kuliko chumba kwa nyuzi 2 na kidogo tu. Kona ya ukuta wa nje hupoa kuliko ukuta uliobaki. Kabati lililoigusa linazuia joto la chumba lisiifikie, na linazuia hewa isipite kuikausha. Kwa hiyo ukuta unaweza kuonekana mkavu machoni na bado ukungu ukashamiri. Chakula upo nacho: vumbi, gundi iliyomo kwenye rangi, ubao mwembamba wa mgongo wa kabati, ngozi ya viatu.

Nguo mnazoanika ndani ndizo zinazojaza hewa hiyo. Fanya hesabu. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.7 kina hewa ya mita za ujazo 32 hivi. Katika nyuzi 26, hewa yote hiyo ikishiba kabisa inabeba gramu 800 hivi za maji, yaani haifiki hata lita moja. Nguo ambazo zikiwa kavu zina kilo 5, hata zikikamuliwa na mashine, bado zinabaki na lita 2 hadi 3. Za kukamua kwa mikono zinazidi. Maji hayo yote lazima yaende mahali. Dirisha likiwa limefungwa, yanakwenda kwenye godoro, kwenye nguo za kabatini na kwenye ile kona. Ongeza pumzi na jasho la watu wawili waliolala usiku kucha. Jikoni nako, kila kilo 1 ya gesi ya kupikia inayoungua inatoa kama kilo 1.6 ya maji kwa njia ya mvuke, hata kama sufuria haina kitu.

Hesabu hiyo ndiyo inayojibu suala la bakuli. Chumvi ya mezani huanza kuvuta maji pale tu unyevu wa hewa unapopita asilimia 75, yaani ukungu umeshapata ulichokuwa unakitaka. Mkaa unapunguza harufu kidogo, na hiyo ni hasara zaidi kuliko faida, maana harufu ndiyo iliyokuonya. Chumvi hiyo lakini usiitupe, ina kazi nyingine.

Nunueni kipima unyevu wa hewa, kile kidogo cha betri chenye namba. Vya bei ndogo hukosea kwa asilimia kadhaa, kwa hiyo kihakiki: jaza chumvi kwenye kifuniko cha chupa, dondoshea maji mpaka ilowe bila kuyeyuka yote, kiweke pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa, acha saa 8 hadi 12 mahali ambapo joto halibadiliki. Kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 70, basi kila mara ongeza 5. Kisha kiwekeni nyuma ya kabati siku nzima, si mezani katikati ya chumba. Lengo ni kubaki chini ya 60. Mkiona 75 nyuma ya kabati na 62 katikati ya chumba, tatizo ni nafasi ya kabati zaidi kuliko unyevu wa nyumba.

Kuhusu madirisha, mwenye nyumba ana hoja ila hakuimalizia. Kufungua dirisha kunakausha chumba iwapo hewa ya nje ina maji machache kuliko ya ndani, na hilo halisemwi na asilimia peke yake. Hewa ya nje ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 90, siku ya mvua kabisa, ikiingia ndani na kupata joto la nyuzi 25 inashuka hadi asilimia 66 hivi. Inasaidia kidogo. Penye baridi kali inasaidia sana, kwa kuwa hewa baridi haina maji mengi ya kuleta. Lakini mchana wa fukuto, hewa ya nyuzi 30 iliyojaa mvuke ikikutana na sakafu iliyopoa usiku, sakafu inatoa jasho, na hapo kufungua ndiko kunakoleta maji. Siku za namna hiyo fungueni alfajiri au jioni nje kunapopoa, mchana fungeni na muwashe feni. Siku nyingine fungueni madirisha ya pande mbili zinazokabiliana kwa dakika 10 hadi 15, mkiamka na baada ya kuoga au kupika. Dirisha moja lililoachwa na upenyo wa kidole kutwa nzima halifanyi kazi hiyo. Na mwenye kutumia kiyoyozi asifungue dirisha kikiwa kinafanya kazi. Hewa ya nje inakwenda kuganda matone kwenye kuta alizozipoza mwenyewe.

Nguo zikilazimika kuanikwa ndani, zitoeni chumba cha kulala. Chagueni chumba chenye dirisha, hata bafu, funga mlango wake, fungua dirisha, elekeza feni kwenye nguo. Mlango ukiachwa wazi mnagawia nyumba nzima mvuke.

Kusafisha sasa. Ulitumia klorini na sikulaumu, ndivyo wengi tunavyoambizana. Kwenye vigae na kioo inafaa. Kwenye plasta na mbao haifai sana: klorini inabaki juu, maji iliyochanganywa nayo yanazama ndani, doa linapauka na mizizi inabaki imenyweshwa. Tena ukungu uliokufa bado unawasha pua na kifua, kwa hiyo kazi ni kuuondoa, si kuuua tu. Ukubwa pia una mpaka: kama eneo lenye ukungu linakaribia mita 1 ya mraba au chini yake, kazi ya nyumbani inatosha. Likizidi hapo kwa mbali, au likiwa limeingia kwenye dari ya jipsamu, mpeni mtu mwenye vifaa. Na asisafishe mwenye pumu. Watoto watoke kabisa.

Vaa glavu, miwani ya kufunika macho na barakoa ya N95 au FFP2, kwani ya kitambaa haizuii mbegu za ukungu. Funga mlango, fungua dirisha, zima feni. Usiguse ukungu ukiwa mkavu. Nyunyizia maji ya sabuni kwanza ili usitimke. Kisha sugua kwa brashi ya nailoni na maji ya moto yenye sabuni ya maji, ukianzia pembeni kuelekea katikati ili usitawanye. Futa kwa kitambaa, kitupe, chukua kingine, suuza kwa maji kidogo, kausha. Hapo sasa feni iwashwe, na ukuta ukauke ndani ya siku moja au mbili, la sivyo umeumwagilia. Ukitaka klorini kwenye vigae vya bafu, mililita 60 za dawa ya kufulia kwa lita 1 ya maji, dakika 10, kisha suuza. Usiichanganye na siki, wala dawa ya choo yenye asidi, wala kitu chenye amonia: inatoa gesi inayoweza kukulaza hospitalini, na bafu dogo lililofungwa ndilo mahali pabaya kuliko pote.

Mgongo wa kabati ukiwa umelegea au umevimba, ng'oa ubadilishe. Ubao wa kubanwa ukishanywa maji hausafishiki. Mpya uwekewe matundu machache juu na chini. Kabati lirudi likiwa sentimita 5 hadi 10 mbali na ukuta, au bora zaidi lihamie ukuta wa ndani. Halafu lisijazwe mpaka nguo zikakosa pumzi. Nguo zenye uvundo zifuliwe, zile zinazostahimili kwa maji ya nyuzi 60, zikauke kabisa juani kabla ya kukunjwa. Viatu vipangusieni nje kwa kitambaa chenye spiriti na maji nusu kwa nusu, mkijaribu kwanza mahali pasipoonekana, vikauke kivulini. Godoro likiwa sakafuni lipandisheni kwenye chaga. Upande wake wa chini ndio unaooza bila taarifa.

Tuje kwa watoto. Ule unga mweupe ni chumvi. Maji ya ardhini yanapanda kwenye vitundu vya tofali kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, yanafika usoni mwa ukuta, yanakauka, chumvi inabaki inasukuma rangi. Kwa kawaida hayapiti mita 1 na kidogo. Ukungu mweusi hauoti sana hapo kwa sababu chumvi inauchukiza, ndiyo maana hamkuuona. Nyumba iliyojengwa vizuri ina tabaka la nailoni nzito juu ya msingi la kuyakata maji hayo. Udongo wa bustani uliorundikwa juu ya tabaka hilo unalivuka tu na kuingiza maji ukutani kwa ubavu. Tabaka lenyewe huenda ni zima.

Kazi hii ni ya mwenye nyumba, na si kubwa. Udongo uondolewe mpaka ushuke angalau sentimita 15 chini ya usawa wa tabaka hilo. Kama halionekani, tumieni usawa wa sakafu ya ndani. Ardhi ielekezwe ishuke sentimita 5 kwa kila mita kwenda mbali na nyumba, kwa mita 2 au 3. Maji ya mfereji wa paa yamwagwe mita 1.5 au zaidi kutoka ukutani. Maua yapandwe kwingine. Yanamwagiliwa kila siku, na ukuta unakunywa nayo.

Ndani, fundi akija na rangi ya kuzuia maji au ya mafuta, mkatalieni. Maji yakizibiwa pale chini hayarudi ardhini, yanapanda juu ya rangi na kutokea usawa wa kiuno. Vilevile msikubali asawazishe kwa jipsamu, inanyonya. Chumvi ipigwe brashi ikiwa kavu, izolewe itupwe. Angalia, hii ni kinyume cha ukungu: chumvi ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ndani. Plasta iliyoharibika ibomolewe hadi sentimita 30 juu ya mstari wa mwisho wa unyevu, kisha ukuta uachwe wazi ukauke. Mafundi hukisia mwezi 1 kwa kila milimita 25 za unene, kwa hiyo tofali la sentimita 15 linataka miezi, na hapa ndipo kila mtu anapokosa subira. Rudieni jaribio la nailoni. Ikitoka kavu, pigeni plasta mpya na rangi inayopumua, chokaa mojawapo.

Mashine ya kukausha hewa haina la kufanya katika chumba hicho. Itavuta maji ukutani, udongo utaleta mengine, na chumvi itatoka kwa wingi zaidi. Kwa chumba chenu inaweza kufaa baadaye, kama baada ya kuhamisha kabati na nguo kipimo bado kinakataa kushuka chini ya 60. Ikifika hapo, jueni kwamba lita zinazoandikwa kwenye boksi mara nyingi zimepimwa katika nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Nyumbani mtapata pungufu. Chumba kikiwa baridi chini ya nyuzi 15 hivi, ile ya kompresa, inayopoza hewa kama friji, inazorota sana. Inafanya kazi madirisha yakiwa yamefungwa, na bora iwe na mpira wa kumwaga maji, maana ndoo ikijaa inazima na hakuna anayekumbuka.

Kikohozi cha mtoto kipelekeni kwa daktari, na mumwambie kuhusu unyevu wa nyumba. Msiingie gharama ya kupima ni ukungu wa aina gani, rangi yake haisemi ukali wake na matibabu ya ukuta ni yaleyale. Kwa sasa kitanda cha watoto kisogezwe mbali na ukuta ule.

Mwenye nyumba mwandikieni, msimalize kwa mdomo. Pigeni picha zenye tarehe: vipande viwili vya nailoni vya chumba cha watoto, cha chini na cha juu, na udongo wa nje ukiwa na rula imesimamishwa kando yake ionyeshe umepanda kiasi gani. Ombeni mambo mawili tu, udongo na mfereji wa paa, kabla hamjagusa suala la plasta. Na katika barua hiyohiyo mwambieni kwamba kabati mmelisogeza na nguo mmezitoa chumbani; itamwia vigumu kuwarudishia ile hoja ya madirisha.